Video ya Baba Imeacha Kukwama

Bandugu, leo mi sielewi kitu.

Munakumbuka video ya ndoa ya dada yangu? Pale marehemu baba anasimama na kusema: "Na shamba yangu ya Lweba, nitaiachia..."

Hapo inakwama. Kila mara, hapo hapo.

Lakini kwenye video anaonekana akimuangalia kaka yangu mukubwa. Basi familia yote tukakubali: shamba ni ya kaka. Alishapanda na mihogo!

Sasa leo asubuhi diski yenye hiyo video imeanza kulia kama panya. Nikakimbia kwa fundi wa mashini za kompyuta hapa Baraka, ahamishe vitu vyote kwenye diski mpya. Akaniambia ya zamani iko na sehemu mbovu, ila atarudilia kuisoma polepole mpaka zitoke.

Nikafika nyumbani, nikafungua video.

HAIKUKWAMA.

Baba anasema: "Nitaiachia... eh, hiyo mama yenu anajua. Mutamuuliza yeye."

Batu banapiga makofi. Video imeisha.

Na mama mwenyewe iko nyuma yangu, anatwanga sombe, majani ya mihogo! Nikageuka.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Baba yenu alisema muniulize. Muliniuliza lini?"

Akaendelea kutwanga.

Mi mpaka sasa naogopa kumuuliza shamba ni ya nani. Kaka naye, asubuhi nilimuambia diski inalia, sasa amenipigia: iko njiani, anatoka Lweba na mihogo yake ya kwanza, na anauliza kama video ya baba imepona.

Nimujibu nini?