Mahali pa Z

Sikusoma zaidi ya shule ya msingi, na tangu utoto naona haya kuuliza. Nilipopata kazi kwenye sekretariati ndogo mtaani Nyakabiga, mahali watu wanapokuja kuandikiwa barua na kadi, niliwekwa kwenye mashine ya fotokopi. Nilichokitaka ni kiti cha kompyuta.

Dada mwenye sekretariati alinifundisha jambo moja: ukikosea, bonyeza Ctrl na Z pamoja, kosa linafutika. Baadaye niligundua kwamba vitufe hivyo hufanya kazi ileile kwenye programu ya barua, kwenye ya majedwali, hata kwenye ile ya kuchora kadi. Kila programu ilikuwa na menyu zake za kutisha, lakini kosa langu lilifutika kwa njia moja kote, bila kumsumbua mtu.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa mtaa wa Kinama, mwenye asili ya Kongo. Alitaka kadi za kualika watu kwenye sherehe ya kumaliza kilio cha mumewe. Dada alikuwa na kazi kwenye kompyuta yake, akaniambia, "Leo kaa kwenye ile ingine. Ukimumalizia mama kadi zake muzuri, kiti ni yako."

Kompyuta ile nyingine ilikuwa na klavye, yaani ubao wa vitufe, ya Kiingereza, nami nilijifunza kwenye ya Kifaransa. Mama alinisomea polepole, nikaandika polepole zaidi. Karibu na mwisho nikakosea saa ya misa. Kidole kikaenda chenyewe mahali kilipozoea. Kumbe kwenye klavye ile, mahali pa Z niliyoizoea pamekaa W, na Ctrl na W hufunga kazi. Kikatokea kisanduku kuuliza kama nahifadhi mabadiliko. Nikadhani kinauliza juu ya lile kosa langu. Nikajibu hapana. Kadi yote ikapotea.

"Imeenda wapi?" mama akauliza.

"Imejifunga, mama. Naomba tuanze tena."

Alinitazama. "Bwana yangu nilimuzika mara moja. Kilio yake tutaimaliza mara mbili?" Kisha akacheka kidogo.

Dada alikwisha kuinuka. "Toka hapo, mi niandike."

Sikutoka kitini. "Apana, dada. Niache."

"Umuache," mama akasema. "Anaenda kama konokono, lakini na mi sina pikipiki inaningoja inje."

Nilianza upya. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, niliangalia herufi yake, sikuamini tena mahali. Nilipofika kwenye saa ya misa nikakosea vilevile. Nikanyanyua kidole, nikaitafuta Z, nikaikuta mstari wa chini, upande wa kushoto. Nikabonyeza.

Saa peke yake ikafutika. Jina la marehemu, kanisa, siku, vyote vikabaki.

"Sasa weka saa ine," mama akasema.

Nikaweka saa nne. Mteja mwingine aliingia na karatasi zake mkononi, na dada akaenda mwenyewe kwenye fotokopi.