Kiganja cha Mama wa Michungwa

Mama aliyepanda michungwa katikati ya mihogo, kule Tegeta, husalimia kwa kifundo cha mkono, maana viganja vyake havikosi samadi ya mbuzi. Mbolea ya dukani haitaki; mie mchuuzi wa machungwa yake nikimpa bei ya kilanguzi, ananicheka. Mwaka ule wa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, serikali ilipotaka chakula tu mashambani, bwana shamba alikuja nami nikiwapo, na amri: michungwa ing'olewe, ibaki mihogo mitupu.

"Shikamoo, mama," bwana shamba akanyoosha mkono.

"Marahaba, mwanangu." Akampa kiganja kizima chenye samadi, akambana mkono.

Bwana shamba akatafuta pa kujifutia.

"Chuma jani la mchungwa, baba. La muhogo lina utomvu."

Akachuma, akajifuta, akanusa vidole, akachuma jingine. Alipouliza machungwa yanaiva mwezi gani, nikajua michungwa imesalimika, ila mie nimepata mshindani.