Wimbo wa Mtaro Wetu

Utawala ulipobadilika, kitenge cha mama chenye sura ya rais kiligeuka foronya, uso ukiangalia ndani. Beji za chama zilitoweka vifuani kwa siku moja. Kisha ikafa salongo, ile kazi ya lazima ya chama, ya kusafisha mtaa kila Jumamosi. Chefu wa avenue yetu, mkuu wa mtaa aliyekuwa akituita kwa filimbi, aliifungia kabatini, nasi tukalala Jumamosi mpaka jua likapanda. Niliyapenda sana mapinduzi.

Mtaro ukajaa nyasi na mifuko ya plastiki. Kiwanja chetu ndicho kilichokuwa chini kabisa, na harusi ya dada yangu ilikuwa ifanyike hapo uani. Alhamisi, siku mbili kabla, mvua ilileta maji hadi kizingitini. Majirani waliona wote, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushika jembe, asije akaonekana analilia chama cha zamani.

Ijumaa asubuhi mama alikwenda kwa chefu, nami nikamfuata.

"Mama, miye siko chefu tena. Niko muntu tu."

"Piga filimbi, papa."

"Ile filimbi iko ya chama."

"Na haya maji iko ya chama gani? Bakwe banatoka Kasungami kesho. Batakula mu mutumbwi?"

Alicheka, akafungua kabati.

Filimbi ilipolia, milango ilifunguka kabla watu hawajafikiri. Mmoja alitoka na sabuni masikioni, jembe mkononi. "Chefu, leo njo Ijumaa!" alilalamika, lakini alikwisha kusimama mahali pake pa zamani. Kila mtu alijua pake.

Tulianza kuchimba. Majembe yalihitaji mdundo, na mdundo tuliokuwa nao ulikuwa mmoja tu: ule wimbo wa kumsifu rais aliyekimbia. Mama mmoja aliuanza, tukaitikia mtaa mzima, "Kiongozi wetu, utuongoze milele," kwa sauti nzuri kuliko tulivyowahi kumwimbia mwenyewe.

Hatukumwona askari wa utawala mpya, kijana aliyetoka mashariki, mpaka aliposimama juu ya mtaro na bunduki yake.

"Mnamwimbia nani hapo?"

Majembe yakanyamaza. Chefu nusura aimeze filimbi.

"Mukwe wangu," mama akajibu. "Anaoa kesho."

"Mkwe gani anaitwa kiongozi?"

"Hauyamuona bibi arusi, papa. Mwenye kumuongoza ule mutoto, njo kiongozi ya kweli. Kama unabisha, kuya kesho uone."

Askari alimtazama, akautazama mtaro, akacheka mpaka bunduki ikamteleza begani. Jioni maji yalikuwa yakiteremka vizuri.

Usiku ilinyesha tena, lakini uwanja ulipambazuka mkavu. Askari alikuja kweli, bila bunduki, akala sahani mbili za bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto. Shemeji yangu alipoingia, avenue nzima ilimpokea kwa wimbo ule ule. Alishangaa, kisha akaanza kupunga mkono kama rais.

Siku hizi kuna kazi ya Jumamosi tena, kwa jina jipya. Filimbi iko kwa chefu mwingine. Mtaro bado unajaa, na wimbo bado unaimbwa kila harusi. Vijana wa avenue wanaamini ulitungwa kwa ajili ya shemeji yangu. Wakimwuliza, anatabasamu tu na kupunga mkono.