Kikao Kilichohamia Langoni

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hunirudia yote kila nikisikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu barabarani. Jana uliniambia walimu wenzako wamekuchagua uwe mjumbe wao kwenye baraza la vyama vya wafanyakazi pale Rubwera, ukaniuliza huku unacheka kama kuna kazi yoyote huko zaidi ya kusoma muhtasari na kunywa soda. Sikukujibu. Nilikuwa namenya ndizi, nikaona nikifungua mdomo sauti itanitoka vibaya. Leo nimetulia. Vuta kigoda ukae nikueleze.

Wakati huo Kyerwa yetu hii haijawa wilaya, sote tulikuwa wilaya ya Karagwe. Mimi nilikuwa nesi kijana katika zahanati moja upande wa Nyaishozi, nina mtoto mchanga, yule mkubwa wako, baba yake yuko masomoni mbali. Tawi letu la afya lilinituma barazani kwa sababu wakubwa zangu wote walipata udhuru. Tulikutana mara moja kwa mwezi katika darasa la shule ya msingi: walimu, sisi wa afya, watumishi wa halmashauri, madereva, na wafanyakazi wa kiwanda cha kukoboa kahawa kilichokuwa kando ya barabara, mwendo mfupi kutoka shuleni. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yamekwama chini ya mbao.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kamugisha, mzee mwembamba wa Kilutheri aliyekaribia kustaafu. Hakuruka kitu. Alifungua kwa sala, akaita majina ya wajumbe mmoja mmoja ingawa alituona tumekaa mbele yake, kisha muhtasari wa mwezi uliopita, yatokanayo, taarifa za matawi, mengineyo. Miezi mingine taarifa zenyewe zilikuwa ni nani kahamishwa, nani kafiwa, na sare za Mei Mosi zitakuwa za rangi gani. Nilikuwa nasinzia, sikufichi.

Aliyenifurahisha pale alikuwa mjumbe wa kiwanda, kijana aliyeitwa Muganyizi. Alikuwa mtu wa utani, lakini mwezi uliotangulia hakutania. Alituambia mwenzake alivutwa mkono na mkanda wa mashine, mkanda usio na kifuniko, na kwamba mwenye kiwanda alipoulizwa alisema anayetaka kifuniko akanunue cha kwake. Mimi mkono ule niliuona. Ndimi niliyeufunga kabla hawajampeleka hospitali, na sitakueleza ulivyokuwa. Baraza likaamua Muganyizi akakae na wenzake, wakubaliane wanataka nini, kisha atuletee jibu kikao kinachofuata.

Jumamosi ile ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, barabara ni tope. Mwalimu Kamugisha akaita majina. Alipofika kwa Muganyizi pakawa kimya, na sote tukageuka kutazama dawati lake. Hakuwahi kukosa kikao. Tukasema labda ni tope.

Tulikuwa kwenye yatokanayo pale pikapu nyeupe ilipopita nje, polepole sana. Darasa halikuwa na vioo madirishani. Wale watu wawili waliokaa mbele ndani ya gari walitutazama, na mmoja alikuwa anatafuna kitu. Ikapita. Baada ya muda ikarudi, ikapita tena upande wa pili. Msomaji wa yatokanayo alipoteza mstari, akauanza upya. Niliona dereva mmoja anavua beji ya chama kifuani na kuiweka mfukoni.

Kisha akaingia mke wa Muganyizi. Jina lake Jeneroza, na mtoto alikuwa mgongoni. Tope lilikuwa limempanda hadi magotini. Alianza kuongea Kinyambo kwa haraka hata sisi tuliozaliwa nacho tukashindwa kumfuata, Mwalimu akamketisha, akamwambia aseme taratibu. Akasema watu wawili walikuja nyumbani kwao asubuhi na pikapu, mumewe akiwa anavaa viatu aje kwetu. Walimwambia apande gari, kuna maswali machache kiwandani. Alipokataa walimshika. Yeye Jeneroza alipouliza watamrudisha lini, mmoja akamjibu, "Akishapata akili."

Mwanangu, hofu niliyoijua kabla ya hapo ilikuwa ya giza na ya radi. Ile ilikuwa ya aina nyingine. Ilikuwa mchana, jua limeshaanza kutoka, mbuzi wanakula majani nje, na mimi nahesabu hatua za kufika mlangoni. Nilijua mwenye kiwanda ni mtu wa namna gani. Alikula na wakubwa wote. Simu za mkononi zilikuwa chache, na mtandao ulishikwa kilimani tu. Nikawaza mtoto wangu niliyemwacha kwa jirani. Nikawaza wale watu wa pikapu wameshaona uso wangu.

Mtumishi mmoja wa halmashauri akasema jambo hili ni zito, tulifikishe kwa wakubwa Jumatatu. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikasimama, mara yangu ya kwanza kusimama bila kuombwa, nikasema Mwalimu afunge kikao tutawanyike kabla gari halijarudi.

Mwalimu Kamugisha alinitazama. Hakupandisha sauti. "Nesi," akasema, "mama huyu ametembea kwenye tope kuja hapa kwa sababu alijua leo tupo. Nikifunga, Jumatatu atamkuta nani?"

Nikakaa. Masikio yalikuwa yanawaka.

Akakunja karatasi zake, akasema kikao hakijafungwa. Akasema ajenda iliyobaki ni taarifa za matawi, na kwa kuwa mjumbe wa kiwanda amezuiwa kuja kutoa taarifa yake, baraza litakwenda kuisikia alipo. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuulizia sare za Mei Mosi. Akachukua kofia yake na kutoka, Jeneroza akamfuata, na sisi tukajikuta tunatoka nyuma yao.

Njiani tulipungua. Wawili waliingia dukani kununua sukari na hawakutoka tena. Yule wa halmashauri alikumbuka mgonjwa. Siwalaumu, kwa sababu palikuwa na kinjia kilichokata migombani kuelekea kwangu, na nilipokikaribia miguu yangu ilianza kugeuka yenyewe. Nadhani hatua moja ingetosha. Jeneroza, ambaye hakujua ninawaza nini, alikuwa anateleza kwenye tope, akanishika mkono asianguke. Hakuuachia. Kinjia kikabaki nyuma.

Kiwanda kilikuwa na ukuta wa mabati na lango la chuma. Mashine zilikuwa zinanguruma ndani, maana walifanya kazi hata Jumamosi. Mlinzi alikuwa na bunduki begani na mbwa wawili kwenye mnyororo. Mwalimu akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akasema tunamtafuta Muganyizi. Mlinzi akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Alisema hivyo huku anatazama viatu vyake.

"Basi hatutakusumbua," Mwalimu akasema. "Sisi tuna kikao tu."

Na akakaa chini, mwanangu. Mzee yule, na suruali yake ya pasi, akakaa kwenye nyasi zenye maji mbele ya lango. Tukakaa. Mbwa walibweka hadi wakachoka. Mwalimu akasema baraza linaendelea, na kwa kuwa tumehama mahali, ataita majina upya. Akaanza kuita kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho.

Kila aliyeitwa alijibu, "Nipo." Wengine ilisikika, wengine ilikuwa pumzi tu. Alipofika kwangu hakuniita jina, alisema, "Tawi la afya." Nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akasubiri. Akarudia, "Tawi la afya." Ndipo nikasema nipo, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtoto mdogo.

Kisha akaita, "Muganyizi. Tawi la kiwanda."

Kimya. Ni mashine tu zilizonguruma. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Na hapo ule mngurumo ukaanza kushuka, ukashuka, ukazima. Mtu ndani alikuwa amezima mashine ili asikie. Mwalimu akaita mara nyingine katika ukimya ule, na kutoka kwenye ghala la nyuma tukasikia mlango wa chuma unapigwa, na sauti ya mtu aliyekauka koo.

"Nipo, Mwenyekiti."

Jeneroza aliweka kichwa chake magotini pangu akalia bila sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa nimesikia gari nyuma yetu.

Ilikuwa ile pikapu, na mwenye kiwanda mwenyewe ndani yake. Alishuka, akafunga mlango polepole, akapita mbele yetu akitutazama usoni mmoja baada ya mwingine kama mtu anayechagua kuku sokoni. Kwangu alisimama. "Wewe si nesi wa zahanati?" akauliza. Nikasema ndiyo, shikamoo. Hakuitikia. Hadi leo sijui kwa nini nilimwamkia. Mdomo ulijisemea wenyewe.

Mwalimu akasimama taratibu kwa sababu ya magoti yake, akamwomba mlango ufunguliwe mjumbe atoe taarifa tumalize kikao. Mwenye kiwanda akasema huyo ni mfanyakazi wake na anahojiwa. Lakini nyuma ya lango, wabebaji magunia na wale akina mama wa kuchambua kahawa walikuwa wameshatoka, wamejaa vumbi la maganda, wamesimama. Walikuwa wanamtazama tu. Nami nikaona, kwa mara ya kwanza, shingo ya yule tajiri inatoa jasho. Akamwambia mlinzi afungue.

Muganyizi alitoka na kiatu kimoja mguuni. Shavu lilikuwa limevimba. Akaja akakaa kwenye nyasi karibu na mkewe, akamtazama mtoto, kisha Mwalimu akamwambia, "Mjumbe, taarifa ya tawi lako." Akaitoa huku mwenye kiwanda amesimama pale pale: wafanyakazi wanataka mkanda uwekewe kifuniko, na wasipokiona hawatausogelea. Mwalimu akauliza kama kuna swali. Hakukuwa na swali. Akatangaza siku ya kikao kijacho, akafunga kwa sala.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza Mwalimu kama yeye hakuogopa. Akasema, "Niliogopa hadi jina lako likanipotea. Ndiyo maana nikakuita kwa tawi." Akacheka kidogo, akavaa kofia aliyokuwa ameishika muda wote.

Nisikudanganye kwamba mambo yote yalikwenda vizuri baada ya hapo. Kifuniko kiliwekwa, ndiyo, na mikono ya watu ikapona. Kesi tuliyojaribu kuifungua haikufika popote. Muganyizi alitafutiwa kosa akaachishwa kazi, akarudi kwenye kibanja cha baba yake kulima kahawa na migomba, na yuko huko mpaka sasa na wajukuu. Mimi nilipata uhamisho wa haraka bila maelezo, ndivyo nilivyofika huku Mabira nikiwa simjui mtu. Kwa muda mrefu sikuweza kutembea barabarani bila kugeuka nyuma. Mtu akibisha hodi kwa nguvu, nilimficha mtoto kwanza ndipo nikaitikia. Hofu ya namna hiyo haikuagi, mwanangu. Inakaa na wewe, unaizoea kama goti bovu.

Kwa hiyo nenda Rubwera, na nenda kila mwezi. Hata mwezi ambao huna la kusema, hata mkisomeana muhtasari mpaka usingizi ukushike, usitoroke. Siku ile hatukuwa watu jasiri. Tulikuwa watu waliozoeana kukaa pamoja na kuitwa majina, na Jeneroza alijua darasa gani atukute. Hayo yalitengenezwa katika miezi ile ya kuchosha, wala hayawezi kutengenezwa asubuhi ya shida.

Ukiogopa usijione mbaya, na usijifanye huogopi, maana wenzako watajiona wao peke yao ndio waoga. Tafuta wa kumshika mkono. Kama ni wewe umeshikwa, usiuchomoe. Sema lile uliloliona kwa macho yako, usiongeze chumvi, kwa sababu wanaokutisha wanasubiri hilo moja la uongo. Na dawati la mwenzako likiwa tupu, usiseme labda ni tope. Uliza.

Sogea nikuwekee mkono. Mungu aliyenirudisha kwa mtoto wangu jioni ile akutangulie barabarani na akufuate nyuma. Akupe wenzako wa kweli katika kikao chako. Siku sauti itakapokukauka, akupe mwenyekiti mwenye subira ya kukuita mara ya pili. Na popote wenzako watakapokuita, waitu, mtu wetu wewe, ukijibu kwamba upo usikose mtu wa kukusikia. Amina.