Chokaa Katika Bwawa la Mama Kalisti

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mkuu wa mradi wetu wa samaki karibu na Ushirombo alinikabidhi ndoo na chekeche, akaniambia bwawa huanza kukaguliwa kwenye tope. Nikachota, nikachuja, nikahesabu minyoo myekundu na mabuu wa usubi, wadudu wadogo wa chini ya bwawa ambao ni chakula cha perege. Ninyi vijana mnaotazama samaki wa juu tu mnanichosha.

Bwawa nililolipenda lilikuwa la Mama Kalisti, mjane aliyewalisha wajukuu wanne kwa perege wake. Tope lake lilikuwa jeusi, likinuka mayai viza. Mkuu akatuletea unga wa bakteria rafiki, wale wanaokula mabaki ya pumba na samadi yanayooza. Tukaukoroga kwenye maji vuguvugu, tukaumwaga asubuhi. Baada ya majuma kadhaa harufu ilipungua, na chekeche langu likajaa minyoo. Mama Kalisti alikuwa akichota tope kwa mkono wake, analinusa, anacheka.

Kisha mkuu yule akahamishwa, akaja mwingine, mtu wa suti. Ikatangazwa ziara ya mgeni rasmi. Mnaijua desturi yetu: mgeni akija, hata mawe ya njiani hupakwa chokaa. Mkuu mpya akaona magunia ya chokaa yamebaki, akaamuru imwagwe katika bwawa la Mama Kalisti, maji yang'ae. Nikamweleza kwamba chokaa kali kiasi kile itaua bakteria tuliowapanda, na minyoo pamoja nao.

"Mgeni haji kutazama minyoo," akasema.

Maji yaling'aa kweli. Mgeni akapiga makofi. Juma lililofuata chekeche lilitoka tupu, na perege wakaanza kuelea wamekufa. Hadi leo hasira inanipanda. Mkuu akaandika taarifa kwamba mama yule ni mchafu na hafuati maelekezo; ikasomwa mbele ya wanakijiji, mama akaondolewa mradini. Taarifa ilihitaji saini ya mtaalamu. Nikasaini.

Nilistaafu kwa cheti na hotuba tamu. Wiki ileile nikaenda kwa Mama Kalisti. Bwawa alikwisha kulifukia, akapanda viazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikaanza kumsema yule mkuu kwa uchungu wote wa miaka ile. Akaniacha nimalize.

"Bwana samaki," akasema, "ile karatasi uliisoma kabla ya kusaini?"

"Niliisoma, mama."