Bahasha ya Erasto

Kila riwaya ya Erasto ilipokamilika, sura ya mwisho aliitia ndani ya bahasha ya kaki na kuifunga kwa gundi. Kurasa nyingine zote alizibeba kutoka kwake Bangwe hadi Gungu, kwenye kibaraza cha Gélase, fundi cherehani Mrundi aliyevuka mpaka mwaka 1993 na mkasi mmoja mfukoni. Gélase alisoma wiki nzima, kisha akataja muuaji. Akipatia, alikula samaki wawili wa Erasto, migebuka ya ziwani, na Erasto akarudi kuandika upya. Akikosea, hati ilipanda treni kwenda kwa mchapaji Dar es Salaam.

Mtaani Erasto walimwita Bwana Maiti. "Leo umeua nani?" waliuliza, wakacheka, wakapita. Aliyeketi na kusoma ni Gélase peke yake.

Riwaya ya tano aliirudisha baada ya siku mbili.

"Mwalimu, safari hii umelala. Muuaji ni Nyabenda, yule muuza chumvi."

"Umejuaje, nami nimemficha mpaka sura ya mwisho?"

Gélase alikata uzi kwa meno. "Kitabu kizima, Mrundi ni yeye tu."

Erasto aliipokea hati. "Ni hadithi tu, ndugu yangu."

"Sawa. Basi migebuka yako kula mwenyewe. Hii sikutaka kushinda."

Erasto hakuipeleka hati stesheni. Siku nane alishinda kwenye taipureta. Nyabenda akawa shahidi aliyeona kila kitu na asiulizwe na mtu. Muuaji akawa mwingine kabisa. Alifunga bahasha mpya na kwenda Gungu kama mwanafunzi anayekwenda kuangalia matokeo.

Kibaraza kilikuwa kitupu. Agnesi, mkaanga maandazi wa nyumba ya pili, alifuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu. Kwani hukusikia? Juzi yalikuja malori. Wakimbizi wote wa mtaani wamepelekwa kambini. Cherehani ameniachia mimi."

"Hakuacha neno?"

"Aliuliza tu kama umepita."

Erasto alikwenda kambi mbili. Kwenye orodha walikuwamo akina Gélase wengi. Kila aliyeitwa alifika na uso mwingine. Sura ya mwisho akaipiga taipu upya bila kuifungua bahasha; kitabu kikachapwa, kikauzwa, na miaka michache baadaye watu wa filamu wakamwomba akigeuze kuwa mswada wa filamu. Aliandika kila tukio kama lilivyokuwa kitabuni.

Siku filamu ilipofika kibanda cha video cha Ujiji, alilipa kiingilio kama wengine na kukaa nyuma. Mwigizaji wa Nyabenda alipofungua tu kinywa, kwa lafudhi ya Kirundi ya kubandika, kibanda kizima kikapiga kelele: "Ndiye huyo!"

Na kweli, mwishoni muuaji akawa ndiye. Watu wa filamu walikuwa wamebadilisha mswada. Erasto alitoka kabla taa hazijawashwa.

Hakuandika tena mswada wa filamu. Riwaya aliendelea nazo, ila hakupata wa kumuuliza. Kila mwezi hupita kwa Agnesi na kichupa cha mafuta, akafunua cherehani, akakipaka na kuzungusha gurudumu lake mara kadhaa.

"Mwalimu, si nikiuze tu? Kinanibana nyumba."

"Usikiuze, mama. Mwenyewe bado hajasoma kitabu changu, hajataja muuaji."

Bahasha ile ipo mezani Bangwe, gundi yake haijabanduliwa.