Nilienda Isiolo Kumrudisha Darmi

Nilitoka kwetu Sericho kwa sababu ya simu moja. Msichana yangu Darmi alipiga jioni tukiwa tumemaliza kuswali maghrib, akasema kuna mwanaume hamjui anamfuata akitoka shule. Haongei naye. Anamfuata tu. Darmi ako Form Three huko Isiolo mjini, anakaa kwa shangazi yake Talaso, mtaa ya Kiwanjani. Ndiye msichana wa kwanza kwa boma yetu kufika hapo.

Baba yake, Guyo, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho kuna lori. Nenda umlete nyumbani. Shule itangoja."

Sisi wote wawili tulijua shule haingoji mtu. Lakini mtoto ni mtoto. Nikafunga nguo zangu. Haya nawaandikia nyinyi wenzangu wa darasa ya jioni, kwa sababu wengi wenu muko na wasichana mjini, na mliniuliza ilikuwa aje.

Asubuhi mapema lori ilikuwa tayari, imejaa mbuzi za kwenda soko. Dereva alinipa nafasi mbele. Vumbi ilikuwa ile yetu mnajua, hata mtandio yangu nyeusi ikakuwa rangi ya barabara. Tulipopita boma za mwisho dereva akaniuliza, "Mama, unaenda kuuza nini?"

"Siuzi kitu. Naenda kuchukua msichana shule."

"Wamefunga?"

"Hapana."

Tukavuka laga moja, mto wa mchanga bila maji. Halafu akasema, "Hii lori inajua kazi yake. Kwenda tunabeba mbuzi, kurudi tunabeba wasichana."

Hiyo maneno ilinikalia kwa roho kama jiwe. Garbatulla tulisimama tukaswali adhuhuri, na kwa sijida nilimwomba Mwenyezi Mungu anionyeshe mimi mwenyewe la kufanya, nisifanye kwa uoga.

Isiolo tuliingia jua ikielekea kuzama. Talaso alinipokea na chai ya maziwa ya ngamia. Yeye ndiyo kazi yake, anauza maziwa sokoni na akina mama wengine, anatoka nyumbani asubuhi anarudi karibu maghrib. Darmi alikuja akaniamkia, akaketi karibu na mimi. Nikamwambia nimekuja kumchukua. Hakulia. Alisema, "Mama, kaa kwanza kesho tu. Twende na wewe uone na macho yako."

"Nione nini? Unataka nione wewe ukiumizwa?"

"Uone vile natembea."

Siku ya pili, baada ya asri, nilikuwa kwa geti ya shule hapo mtaa ya Wabera. Wasichana walitoka wengi, na Darmi akatoka katikati ya wenzake wawili. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanaume amesimama, kofia nyeusi, jaketi nyekundu. Darmi hakumwonyesha kwa kidole. Alinishika mkono akasema pole pole, "Ndiye huyo. Usimwangalie sana. Twende."

Wenzake walienda njia yao, sisi tukashika yetu. Tulivuka barabara. Mwanaume akavuka. Mbele kidogo tukarudi upande wa kwanza, naye akarudi. Darmi akasema, "Sasa tunajua anatufuata sisi kweli."

Mimi miguu ilikuwa inataka kukimbia. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo na kumvuta mtoto kwa ile njia ya nyuma inaenda Kiwanjani haraka. Kwetu fisi ikifuata mbuzi, si unakimbiza mbuzi bomani? Nikamwambia hivyo.

"Boma iko na watu, Mama," akasema. "Nyumba ya shangazi saa hii iko na paka peke yake. Na huyu bado hajajua mlango yetu, kila siku nimempoteza kati ya watu. Tusimwonyeshe."

"Sasa tunaenda wapi?"

"Mahali kuna watu wananijua jina. Tembea tu, usikimbie. Njia ya nyuma hapana, haina mtu."

Nilimwangalia huyu mtoto. Sauti yake ilikuwa imetulia kama mtu anachunga. Njiani alisalimia kila mtu kwa sauti, mwenye duka, fundi wa viatu, vijana wa boda. "Salaam aleikum, Mzee. Niko na mama yangu leo." Kila mtu aliinua kichwa, akatuangalia sisi, halafu akaangalia nyuma yetu. Simu yake ilikuwa mkononi, tayari amempigia shangazi: "Tunakuja kwako, na yule mtu ako nyuma."

Sokoni, akina mama wa maziwa wanaketi safu moja chini ya mabati, madumu mbele yao. Talaso alikuwa amesimama. Tuliingia katikati yao, tukawekewa debe tuketi. Mwanaume naye akasimama karibu, anajifanya anaangalia viazi.

Hapo ndipo Mama Habiba, mkubwa wao, alifanya kitu ambayo kwetu inafanywa kila siku kisimani. Alimsalimia.

"Kijana, nagaa? Ni amani?"

Akaitika kidogo, "Nzuri."

"Umetoka wapi? Huko mvua imenyesha?"

"Mimi napita tu, Mama."

"Hakuna mtu anapita tu. Hata ngamia ikipita hapa tunauliza ni ya nani. Wewe ni wa nani?"

Mnajua salamu yetu. Mgeni akifika, anaulizwa nyumbani, mifugo, mvua, baba, na amefikia kwa nani, mpaka ajulikane. Si ubaya, ni heshima. Mtu mzuri anajibu mpaka anapewa chai. Huyu alianza kutoa jasho. Safu yote ilikuwa imegeuka.

"Nangoja rafiki," akasema.

"Rafiki anaitwa nani? Sisi tunajua watu wa hapa, tutakuitia sasa hivi."

Hakuwa na jina la kutaja. Mama mwingine akasema, "Rafiki haina jina? Hata mbuzi yangu iko na jina." Wakacheka.

Ndipo Darmi akasimama. Akaongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa vijana wa boda. "Huyu mtu ananifuata kutoka geti ya shule. Si leo peke yake. Simjui, na sitaki anifuate."

Kicheko ikaisha. Mimi nilikuwa nimekuja kumficha huyu mtoto, na yeye amesimama mbele ya soko. Wallahi nilijisikia mrefu.

Vijana wa boda wakaanza kuja, mmoja ameshika fimbo. Mama Habiba akainua mkono. "Hakuna mtu anamgusa. Uso tumeijua, inatosha. Ile ingine ni ya polisi." Mwanaume akaondoka akiangalia chini, na safu yote ikamsindikiza kwa macho.

Kesho yake tuliandikisha ripoti polisi, mimi, Darmi na Talaso. Nikaona mwalimu mkuu pia. Akina mama wakapanga: Darmi akitoka shule asitembee peke yake, na asiende kwa nyumba tupu, aje sokoni akae na vitabu mpaka shangazi afunge kazi. Nilikaa mpaka Ijumaa ikapita. Yule mtu hatukumwona tena, lakini mpango haukuvunjwa, na nilimwambia Darmi asiuvunje hata mwaka ikiisha.

Kurudi nilipanda lori peke yangu. Haya ndiyo nimejifunza, wenzangu. Msichana akikuambia anafuatwa, mwamini siku hiyo hiyo. Mfundishe asimpeleke mtu mpaka mlangoni, asishike njia tupu, na asione haya kusema kwa sauti. Na tawakal ni kumtegemea Mungu ukiwa umefunga ngamia.

Guyo alikuwa amesimama mahali lori inashukisha watu. Aliangalia nyuma yangu. "Msichana ako wapi?"

"Ako shule."

Nilimwambia yote tukitembea mpaka nyumbani, na hakunikatiza. Nilipofika kwa maneno ya Mama Habiba, Guyo akasimama, akaniambia nirudie hiyo. Nikarudia.

"Wakifunga shule," akasema, "nitaenda kumchukua mimi mwenyewe. Nataka hao akina mama wanisalimie, waniulize mimi ni wa nani. Nitawaambia mimi ni baba ya Darmi."